Sahani Tupu Iliyoota: Kisa cha Midia ya Mapanki Mwanza

Kazi waliyopewa Kidato cha Tano ilikuwa nyepesi: kuona kama kunawa kunapunguza bakteria, kwa sahani tatu za midia. Sahani ya kwanza waiguse kwa kidole kabla ya kunawa, ya pili baada ya kunawa kwa sabuni, ya tatu wasiiguse kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo shahidi: ikibaki safi, mnaweza kuziamini zile mbili.

Siku ya pili asubuhi kundi la dirishani likaleta hesabu yake ya vidoa vilivyoota. Kidole kichafu 231, kidole kilichonawiwa 208, sahani isiyoguswa 214.

"Mwalimu, hii imeota bila kupandwa," binti mmoja akaniambia. Mimi si mwalimu, ni fundi sanifu wa maabara, ila shuleni kila anayevaa koti jeupe huitwa hivyo. Nikapita meza kwa meza. Hali ni ile ile: vidoa vyeupe vya mviringo, vidogo, vimetapakaa sahani nzima kama chumvi iliyomponyoka mtu. Madam wa baiolojia alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo.

"Fundi," akasema, "umetupikia midia au umetupikia supu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kitu kile kilianza kama supu kweli.

Midia ni chakula cha kuoteshea bakteria. Ile ya kawaida ya shule na vyuo haina siri: kwa lita moja ya maji, peptoni (protini iliyokatwakatwa) gramu 5, dondoo ya nyama gramu 3, chumvi gramu 5 na agari (kigandishi kinachotokana na mwani) gramu 15. Inauzwa ikiwa unga uliochanganywa tayari. Unapima gramu 28, unatia lita moja ya maji, unachemsha, unaua vijidudu kwa mvuke, unamimina. Kopo la gramu 500 linatoa karibu lita 18, ambazo ukimimina mililita 20 kwa kila sahani ni sahani 900 hivi. Ukigawa bei kwa sahani, si ghali kama watu wanavyolia. Ghali ni kuzitoa hizo fedha kwa mkupuo kutoka kwenye fungu la maabara linalonunua pia mafuta ya taa, slaidi na vyura. Tena kopo likishafunguliwa, unga unanyonya unyevu na kugeuka mabonge kabla hujafika sahani ya 200. Shule tatu zikichanga kununua kopo moja, nusu ya haya ninayoyaandika isingehitajika. Nililisema hilo kikaoni, likaandikwa kwenye muhtasari, na huko ndiko liliko hadi leo.

Basi nikaamua kupika. Hesabu yangu ilikuwa kwamba bakteria wanahitaji naitrojeni kutoka kwenye protini, kitu cha kuwapa nguvu, madini kidogo na maji, na Mwanza yote hayo yanamwagwa kila siku. Maganda ya viazi mviringo yako kwa kila kijana wa chipsi. Maji ya maharage ya jikoni yanamwagwa kabla ya kuungwa. Protini nikaifuata kwa mama muuza samaki, soko la Mwaloni, Kirumba, Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba baba. Ya kukaanga?"

Nikamwambia nataka mapanki mabichi, yasiyoingia kwenye mafuta, vichwa viwe vingi. Akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikamjibu si ya kula, ni ya kulishia vijidudu vya maabara. Akasimamisha kisu.

"Vijidudu wale mapanki," akasema, "na watoto wa watu wale nini?"

Akanifungia hata hivyo, lakini neno lake nilirudi nalo. Mapanki ni kichwa, mifupa na mkia wa sangara, yale yanayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa ipelekwe nje. Kwenye vitabu huitwa taka za samaki. Kwa Mwanza ni kitoweo, na ni kitoweo cha mtu ambaye minofu haimfikii. Anayeandika kwamba anatengeneza midia "kwa taka" akiwa kwenye mwambao huu aangalie vizuri anamnyang'anya nani sahani. Nitarudi hapo.

Chungu cha kwanza kilikuwa kilo moja ya mapanki kwenye lita mbili za maji, maganda ya viazi kiasi cha konzi tatu, na kikombe cha maji ya maharage. Nikachemsha saa moja, nikachuja kwa kitambaa cha kanga, nikaweka kwenye friji ya ofisi ya walimu na karatasi juu: SI CHAI. Asubuhi nilipofungua, mchuzi ulikuwa umeganda. Ukitikisa bakuli, unatetemeka. Nikaona nimeshinda mara mbili, kwamba sasa hata agari haihitajiki, samaki amejigandisha mwenyewe. Nikamimina sahani nne za majaribio kwa furaha hiyo, nikazirudisha kwenye baridi zigande, kisha nikazitoa. Kufika saa nne, jua likiwa limekaa juu ya bati, zote nne zilikuwa maji.

Kosa hilo lina zaidi ya miaka 140. Robert Koch alianza kwa kuotesha bakteria juu ya vipande vya kiazi kilichochemshwa, akahamia kwenye mchuzi uliogandishwa kwa jelatini, na jelatini ikamtesa: joto likipanda inayeyuka, na bakteria wengine wanaila mpaka inakuwa uji. Mwaka 1881 jawabu likatoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Koch, alikuwa anagandisha jeli zake kwa agari, ujuzi aliopata kwa watu waliowahi kuishi Java. Agari inayeyuka karibu nyuzi 85 lakini ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke kwenye nyuzi 40 au chini yake, na bakteria walio wengi hawaiwezi. Mchuzi wangu nao uligandishwa na jelatini ya samaki, ambayo ni dhaifu kuliko hata ile ya ng'ombe. (Koch huyo huyo mwaka 1906 na 1907 alipiga kambi kwenye visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa hili, akitafiti malale. Hali ya hewa ya huku anaijua.)

Kwa hiyo agari ni lazima inunuliwe. Yako mambo katika midia yanayotoka jalalani, hili halitoki. Mwenzangu alinishauri nisage mwani wa Zanzibar, nikajaribu. Mwani unaolimwa kule kwa wingi ni spinosamu, na spinosamu hutoa karajinani, si agari. Nilipata jeli laini iliyochanika kila kijiti cha pamba kilipopita juu yake. Nikaishia dukani, kwenye maduka ya vifaa vya keki, ambako agari inauzwa kwa pakiti ndogo. Sahani 100 zinataka lita mbili za midia, na lita mbili zinataka gramu 30 za agari. Hiyo shule inaimudu.

Chungu cha pili ndicho kilichotuletea zile 214.

Hapa nieleze taratibu, maana wengi wakifika hapa humwaga kila kitu na kusema midia za kienyeji hazifai. Sisi hatukumwaga. Madam aliwaambia wanafunzi wachore duara kwa kalamu ya wino mgumu chini ya sahani, kuzunguka vidoa kumi kila mmoja, kisha wafunge kabati. Bakteria walio hai, kwenye chakula, kwenye joto la Mwanza, hawatakaa saa 24 bila kuongezeka. Kesho yake vidoa vilikuwa vile vile, ukubwa ule ule, kasoro vichache sana. Kwenye sahani tupu ya kundi la dirishani, vilivyokuwa vimekua ni sita. Vingine 208 havikuwa vimesogea hata unywele.

Nikachukua kijiti cha kuchokonolea meno, nikaokota kidoa kimoja kati ya vile visivyokua, nikakisugua kwenye karatasi ya daftari, pembeni nikasugua tone la maji. Maji yakakauka. Kile cha sahani kikaacha doa ambalo ukilielekeza dirishani mwanga unapita. Darasa zima likasema kwa pamoja: mafuta. Ni kipimo cha chakula walichokijua tangu madarasa ya chini, hawakutegemea kukutana nacho huku.

Sangara ni samaki wa mafuta, na kichwa chake ndicho chenye mafuta zaidi. Nilikuwa nimechuja kwa kanga mchuzi ukiwa wa moto, na mafuta ya moto yanapita kwenye kitambaa kama maji. Kwenye presha kuka yakavunjika kuwa matone madogo, nilipomimina yakasambaa sawasawa, agari ilipoganda ikayashika palepale. Ndiyo maana hesabu za sahani zote tatu zilikaribiana. Wanafunzi walikuwa wamehesabu mafuta, wakahesabu vizuri kabisa.

Zile sita zilizokua ndizo zilizonisumbua zaidi. Zilikuwa pana, kavu, rangi ya kijivu, kingo zimekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Kwa umbo na tabia hiyo nikawashuku jamaa wa Bacillus, bakteria wa udongo na vumbi wanaotengeneza spora, yaani mbegu ngumu za kujihifadhi. Spora haifi kwa kuchemshwa. Tena Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoua spora ni mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15.

Mimi nilikuwa nimepika kwa presha dakika 15. Nilijitetea hivyo mbele ya Madam. Akaniuliza dakika 15 kuanzia lini. Kuanzia nilipowasha jiko la gesi.

Saa inatakiwa ianze pale kizito cha juu kinapoanza kucheza na mvuke kutoka kwa nguvu, baada ya kuacha hewa iliyomo itoke kwanza. Hewa ikibaki ndani, presha inafika lakini joto halifiki. Na liko jambo la mwinuko ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi: kizito kinapandisha presha kiasi kile kile juu ya hewa ya nje, na hewa ya nje ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hesabu yangu tunaishia kama nyuzi 119. Pungufu ya nyuzi mbili inaonekana ndogo, ila kwa spora inafanya dakika 15 ziwe kama 25. Siku hizi napika dakika 30 baada ya kizito kucheza, na simruhusu mtu anipigie stori wakati huo.

Asiye na presha kuka ana njia ya John Tyndall ya mwaka 1877: chemsha nusu saa, acha mpaka kesho, chemsha tena, acha, chemsha mara ya tatu. Spora zinazochipua usiku zinakutwa zimevua silaha asubuhi. Inafanya kazi, lakini ni siku tatu za gesi.

Baada ya hapo nikabadilisha na chakula chenyewe cha vijidudu, kwa sababu ya yule mayu. Badala ya mapanki nikachukua chenga za dagaa, zile zinazobaki chini ya magunia na kuuzwa kama chakula cha kuku. Watu hawazili, zina mchanga. Mchanga unatuama ukiloweka na kumimina taratibu mara mbili. Shida ni kwamba kuchemsha peke yake kunatoa sehemu ndogo tu ya protini, nyingi inabaki kwenye nyama. Peptoni ya dukani ni protini iliyokwisha kukatwakatwa na kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kila mama anacho: papai bichi, lile la kulainishia nyama ngumu. Papaini ya papai inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 60 hivi. Nikasaga gramu 100 za chenga, nikachanganya na papai bichi lililokunwa, nikatia maji ya nyuzi 65, nikafunga kwenye chupa ya chai ya ofisini kwa saa tatu. Ilipofunguliwa, harufu ilifika kwa mkuu. Lakini chenga zilikuwa zimelegea kuwa uji mwembamba, na mchuzi uliotoka baada ya kuchemsha na kuchuja ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mzuri kuliko wa mapanki. Ule nikaulaza kwenye friji usiku kucha na kuondoa utando wa mafuta kwa kijiko ukiwa wa baridi, nikauchuja tena kupitia pamba ukiwa bado wa baridi.

Chupa ya chai nilinunua nyingine.

Asidi nayo ilinichenga. Mchuzi wa dagaa na maganda ya viazi huelekea uchachu kidogo, na midia ikiwa chachu unaotesha ukungu. Nikaweka magadi ya maandazi mpaka karatasi ya pH, ile ya kupimia uchachu, ikasoma 7, yaani katikati. Nikafurahi, nikapika kwa presha. Nilipopima tena ilikuwa karibu 9. Magadi hayo yakichemshwa yanapoteza kaboni dayoksaidi na kuwa makali zaidi. Kwa hiyo sasa naishia 6.5 kabla ya kupika, na tone moja la mwisho lazima lipimwe baada ya kupika. Maganda ya viazi nimeyaacha kabisa, yanafanya mchuzi kuwa mweusi kiasi kwamba koloni (kidoa cha bakteria walioota pamoja) la kijivu hulioni, na wanga wake ulitupa maduara ya ajabu kuzunguka bakteria wanaokula wanga. Tuliyamwagia iodini tukaona vizuri sana: sehemu yote bluu nyeusi, kuzunguka koloni peupe. Hilo lilikuwa somo zuri, lakini la siku nyingine.

Rafiki yangu wa maabara ya chuo alinipa kijiko cha unga wa dukani. Tukamimina sahani zake na zetu, tukapanda mtindi uliozimuliwa kwa kiasi kile kile, maji ya bomba, na vidole. Idadi za makoloni zilikaribiana kwa vidole na maji. Kwenye mtindi sahani zetu zilitoa machache, tena madogo, wale hawakuridhika na dagaa. Bakteria wa mtindi ni wachaguzi hata kwenye midia ya dukani ya kawaida. Nilichokuwa nakitafuta ni tofauti kati ya kabla na baada ya kunawa, na safari hii ilionekana kwa macho, huku sahani zisizoguswa zikiwa safi.

Hapo kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Alitaka tuweke vipande vya amoksilini juu ya sahani, tuone kama bakteria wa vidole vyetu wana usugu, kwa sababu redioni wanasema usugu wa dawa umezidi. Wazo la mtoto mwenye akili. Nikakataa, na nilimweleza sababu kwa kirefu maana hakuridhika. Hospitali hupima hilo kwenye midia maalumu ya Mueller-Hinton, pH 7.2 hadi 7.4, unene wa milimita 4, madini yake yamedhibitiwa. Sahani ikiwa nyembamba, dawa inasambaa mbali na duara linakuwa kubwa. Kalsiamu na magnesiamu zikizidi, baadhi ya dawa kama tetrasaiklini zinapungua nguvu, na mchuzi wetu umetoka kwenye mifupa ya dagaa. "Utakachokipima," nikamwambia, "ni upishi wangu." Midia hii inaonyesha kuwa kuna uhai, ni mwingi au mchache, na umbo lake. Isitumike kuamua mtu apewe dawa gani, hata kwa utani wa darasani, kwa sababu utani huo unafika nyumbani ukiwa habari.

Na kwa usalama tunaotesha kabatini kwenye joto la chumba, si kwenye nyuzi 37 zinazowapendeza vijidudu vya mwili wa binadamu. Sahani zinafungwa kwa selotepu na hazifunguliwi baada ya kuota. Vile vidoa nilivyookota kwa kijiti siku ile nilikosea kuvifungua mbele ya darasa, na Madam alinikumbusha. Zikimaliza kazi zinarudi kwenye presha kuka zikiwa na kila kitu ndani, nusu saa, ndipo zinaoshwa.

Kinachobaki kunisumbua ni kwamba chenga za Jumanne si chenga za Ijumaa. Msimu wa mvua dagaa hawakauki vizuri, wanaanza kuoza wakiwa bado mchangani, na mchuzi wao una harufu ya amonia na pH yake inapanda. Kopo la dukani la mwaka huu na la mwaka jana yanafanana, hicho ndicho unachokilipia. Sisi tunalipia kwa daftari. Kila chungu kina namba, tarehe, chenga zimetoka kwa nani, pH kabla na baada, dakika za presha, na sahani tano zisizoguswa zinazokaa kabatini siku mbili kabla ya darasa kuruhusiwa kutumia zilizobaki.

Ukurasa wa mwisho unasomeka hivi, kwa mwandiko wa yule binti wa dirishani ambaye sasa ndiye mtunza daftari:

Chungu 7. Chenga kavu, Mwaloni. pH 6.5, baadaye 7. Dakika 30. Tupu: 0, 0, 0, 0, 0. Itumike.

Chungu 8. Chenga zilinyeshewa. pH 7, baadaye 8. Dakika 30. Tupu: 0, 0, 1, 0, 3. Imemwagwa.